Keswa, Kisua cha Bibi Harusi wa Kiyahudi: Siku Nane Moroko, kutoka Casablanca hadi Tangier

Siku ya 1, Jumatatu: Casablanca

Anayefuata keswa aanzie mtaa wa Oasis, kwenye Makumbusho ya Uyahudi wa Moroko. Treni husimama Oasis, na kutoka kituoni unakwenda kwa miguu. Nyumba hii ilikuwa makao ya yatima wa Kiyahudi kabla ya kufunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1997. Ni ndogo, mgeni mwenye haraka huimaliza kwa nusu saa. Aliyekuja kwa ajili ya nguo atenge saa mbili, na asiache kioo cha kukuzia hotelini.

Tuanze na jina. Keswa el-kbira ni Kiarabu cha Moroko, na Mswahili hahitaji mkalimani: ni kisua kikubwa, neno lilelile la kiswa ya Kaaba. Kaskazini, kwa Wayahudi ambao wazee wao walifukuzwa Hispania mwaka 1492 wakahama na lugha yao, huitwa traje de paños au berberisca. Baba alimpa binti yake anapoolewa. Baada ya harusi haikufungiwa sandukuni, bali ilitoka tena kwenye sikukuu na kwenye harusi za watu wengine. Ndiyo sababu nguo nyingi za zamani zina mishono iliyoachiwa na kubanwa tena: mwenyewe alinenepa, akazaa, akakonda, na nguo ikamfuata.

Kosa la kwanza la mgeni ni kuiita gauni, na la pili ni kuichanganya na kaftani. Kaftani ni vazi moja lililopasuliwa mbele, lina mikono yake. Keswa ni vipande, na kila kipande kina jina. Zeltita ni sketi ya kuzungushia, kaskazini wakiiita giraldeta. Ketefu ni kipande cha kifuani, jina lake likitokana na neno la Kiarabu la bega. Tetouan huitwa punta. Gombazi ni kizibao kifupi kilicho wazi mbele. Kemamu ni mikono ya hariri nyepesi isiyoshonwa kwenye nguo yoyote. Hizamu ni mshipi. Kichwani huja sfifa, ukanda wa lulu, na festuli, kitambaa kirefu cha hariri kinachoning'inia mgongoni. Ukiona nguo ya mahameli yenye dhahabu lakini ni kipande kimoja cha kuingiza kichwani, si keswa hata muuzaji akiapa.

Kwenye kabati lolote la vioo tafuta kwanza kisichokuwepo. Mara nyingi ni kemamu. Hariri nyepesi huoza mapema kuliko mahameli, hivyo sketi na kizibao hufika salama na mikono haifiki. Sanamu ya kuonyeshea nguo ikabaki na mikono mifupi ya kizibao, na mtazamaji akaondoka akiamini bibi harusi alitembea mikono wazi.

Siku ya 2, Jumanne: Rabat kwa kupita

Treni ya asubuhi, mwendo wa saa moja na ushei. Ndani ya Kasba ya Oudaya, ngome ya zamani, kuna makumbusho ya vito na mapambo. Pita uone vidani na herini za mijini. Rabat inatosha nusu siku.

Hapa ndipo pa kusema neno kuhusu rangi. Wengi huuliza keswa ni ya rangi gani, kana kwamba ipo moja. Zipo za kijani kilichoiva, za bluu ya usiku, za zambarau, za damu ya mzee, na kila mji ulikuwa na mapenzi yake. Fez ilipenda kijani kizito. Nyeupe haimo. Rangi peke yake haitoshi kuutaja mji uliotoa nguo, kwa kuwa mahameli yalinunuliwa na kusafirishwa. Tazama mapambo: kwenye vizibao vya miji ya pwani na kaskazini aghalabu kuna duara kubwa la msokoto kila ubavu, kama kombe la konokono.

Jioni panda treni ya Fez, mwendo wa kama saa tatu hivi.

Siku ya 3, Jumatano: Fez, mtaa wa mellah

Mellah ya Fez ilianzishwa mwaka 1438 kando ya jumba la mfalme, na ndiyo ya kwanza Moroko. Mitaa ya Wayahudi ya miji mingine ilichukua jina kutoka hapa. Utaijua kwa roshani za mbao zinazotazama barabarani. Kwenye medina, mji wa kale wa Waislamu, nyumba hutazama uani, hapa zinatazama njia. Wanaoishi leo ni Waislamu karibu wote, lakini barabara kuu bado imejaa maduka ya masonara, kazi iliyokuwa ya Wayahudi kwa vizazi. Sinagogi ya Ibn Danan, ya karne ya 17, ilikarabatiwa na hufunguliwa kwa wageni. Makaburi meupe yako hatua chache chini yake.

Usonara na keswa ni ndugu kwa sababu ya uzi. Uzi wa dhahabu huitwa skali, na Wayahudi wa Fez walisifika kwa kuutengeneza. Si dhahabu tupu. Ni waya wa fedha uliopakwa dhahabu, ukavutwa hadi ukawa mwembamba kama unywele, ukagongwa ukawa utepe, kisha utepe ukazungushwa juu ya uzi wa hariri ya manjano. Manjano ina sababu yake: utepe ukilegea au kusagika, kinachochungulia chini yake kinafanana na dhahabu. Uzi wenye moyo mweupe huonyesha kila jeraha.

Ukipewa nafasi ya kushika kipande cha zamani dukani, weka kioo juu ya uzi uliochakaa. Weusi unaonyesha fedha. Ukijani unaonyesha shaba, yaani uzi wa bei nafuu wa siku za karibuni. Ukiona utepe unang'aa sawasawa kila mahali, hauna weusi wala ukijani, na ukiukwangua kwa ukucha unainuka kama karatasi ya peremende, hiyo ni plastiki.

Jambo moja la kitambaa ambalo fundi asiye Myahudi hulikosea: Torati imekataza kuvaa sufu na kitani pamoja katika vazi moja (Kumbukumbu la Torati 22:11). Katazo hili huitwa shatnezi, na halitazami uso wa nguo tu. Mahameli ya hariri juu ya turubai ya kitani ni halali. Mahameli ya pamba vilevile. Lakini fundi akichukua joho la sufu kwa ajili ya ukingo, kisha akaimarisha ketefu kwa kitani ndani, nguo nzima haivaliki kwa anayeshika sheria, na kosa limejificha chini ya bitana. Kwa nguo mpya, uliza kabla ya kulipa: bitana ni nini, kigumu cha ndani ni nini, uzi wa kushonea ni nini.

Siku ya 4, Alhamisi: Fez, kazi ya zari

Watu husema keswa imetariziwa. Ni nusu ya kweli. Dhahabu ya zeltita karibu yote ni taraza, yaani kanda zilizofumwa tayari na kushonwa juu ya mahameli kwa safu zinazofuata pindo na kupanda kwenye pembe ya mbele. Husimuliwa kwamba safu ziwe 22, idadi ya herufi za Kiebrania. Ukizihesabu, kuna nguo zinazofika na kuna zisizofika. Ukubwa wa mwenye nguo na mfuko wa baba vilikuwa na sauti pia.

Tarizi yenyewe ipo kwenye ketefu na kwenye kizibao. Mafundi wa Fez bado wanaifanya kazi hii kwenye mikanda, viatu na matandiko ya farasi, hivyo unaweza kuitazama ikifanyika.

Nakshi huchorwa kwenye kadibodi, zamani ngozi, na kukatwa kwa kisu chenye ncha. Mahameli hupigiliwa juu ya kitambaa kigumu kwenye fremu hadi yalie kama ngoma yakigongwa. Vipande vya kadibodi hubandikwa kwa gundi ya unga wa ngano, kisha kazi huachwa ikauke kabisa. Ndipo huja nyuzi mbili. Juu ni skali, imezungushwa kwenye kijiti. Chini ni uzi wa manjano uliopitishwa kwenye nta. Skali hulazwa kukatisha kadibodi kutoka ukingo hadi ukingo. Ikifika ukingoni, uzi wa chini hupanda, huikamata kwa kitanzi kimoja kidogo na kurudi chini. Skali hugeuka, hurudi ilikotoka, hukamatwa upande wa pili. Dhahabu haipiti ndani ya kitambaa hata mara moja. Geuza kazi, na nyuma utaona vishono vya manjano tu, safu mbili zinazofuata umbo la nakshi. Kazi ya mashine ina vurugu ya nyuzi nyuma, au imezibwa na karatasi.

Yanayoharibika ni haya. Gundi ikiwa majimaji hupenya na kulaza manyoya ya mahameli, na doa hilo halitoki. Kadibodi nene mno huwa na ukingo mkali unaokata skali baada ya kuvaliwa mara chache. Fundi mzuri huukwangua ukingo ulegee. Fremu ikilegea, kitambaa hukunjamana siku kazi inapotolewa, na hakuna pasi ya kukinyoosha. Nta ikisahauliwa, uzi wa chini husuguana na chuma na kukatika ukiwa umefichika. Unajua siku dhahabu inapoanza kuning'inia kama ndevu. Na keswa iliyofuliwa majini imekufa: kadibodi huvimba, gundi huyeyuka, nakshi huhama.

Hizamu ni habari ya mfumaji. Mishipi mipana ya hariri ya Fez ilifumwa kwenye kitanda cha mfumi kilichohitaji msaidizi wa kuvuta nyuzi, urefu ukipita mita 2. Bibi harusi huukunja upana wake mara mbili kabla ya kujifunga. Vitanda vya namna hiyo vimebaki vichache sana.

Siku ya 5, Ijumaa: barabarani kwenda Tetouan

Ijumaa medina ya Fez hufunga mapema, siku nzuri ya kusafiri. Basi la Tetouan hupita milima ya Rif, mwendo wa saa tano hadi sita.

Njiani pana nafasi ya swali ambalo makumbusho hayalijibu vizuri: kwa nini vazi la harusi likawa vazi la usiku wa hina? Jibu liko mwishoni mwa barabara hii. Shule ya kwanza ya shirika la Kiyahudi la Ufaransa, Alliance Israélite Universelle, ilifunguliwa Tetouan mwaka 1862. Tangier ikafuata mwaka 1864. Wasichana walijifunza Kifaransa na ushonaji wa Kizungu. Kufikia miaka ya himaya ya Ufaransa na Hispania, iliyoanza 1912, gauni jeupe na shela vilikuwa vimeshaanza kukaa chini ya hupa, kitambaa cha ndoa kinachotandazwa juu ya maharusi. Keswa haikutupwa. Ilisogezwa nyuma siku chache, kwenye jioni ya hina, ambayo kaskazini huitwa usiku wa berberisca. Huko ndiko ilipo hadi leo, Paris, Montreal na Israeli.

Upande wa bwana harusi una machache. Kwenye hina siku hizi huvaa jelaba, kanzu pana yenye kofia, na tarbushi nyekundu. Chini ya hupa ni suti na taliti, shali ya sala yenye vishada pembe nne, na katika jamaa nyingi za Moroko taliti hiyohiyo hutandazwa juu ya vichwa vya wote wawili. Kanzu nyeupe ya kiteli, ambayo bwana harusi wa Ulaya ya Mashariki huvaa juu ya suti na ambayo pia ni sanda yake, si desturi ya huku. Ukiiona kwenye picha ya harusi inayoitwa ya Moroko, kuna mgeni kwenye ukoo.

Siku ya 6, Jumamosi: Tetouan

Sabato. Usitegemee mlango wowote wa Kiyahudi kufunguliwa kwa mtalii, wala usipige picha karibu na sinagogi. Ndoa pia haifungwi leo. Zamani siku ya kupendwa ilikuwa Jumatano, kwa kufuata Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi. Tembea mellah, uione barabara yake iliyonyooka. Ilijengwa kwa mpango mwaka 1807, tofauti na vichochoro vya Fez.

Siku ya 7, Jumapili: Tetouan, namna ya kuvaa

Sinagogi ya Isaac Bengualid iko ndani ya mellah. Omba kufunguliwa asubuhi. Siku iliyobaki ni ya kuelewa mpangilio wa kuvaa, na Tetouan ndipo mahali pake, maana jamaa za huku na ndugu zao wa Gibraltar wameshikilia nguo hii kwa ukali.

Kuvaa kunataka wanawake wawili na saa nzima. Viatu viende kwanza: sarbili za mahameli zenye zari, kwa sababu zeltita ikishafungwa bibi harusi hainami. Kisha shimizi nyepesi na sketi za ndani, mbili au tatu. Bila hizo zeltita hulala kama pazia lililolowa na safu za dhahabu hazionekani umbo lake.

Zeltita huzungushwa, na hapa ndipo wengi hukosea. Imekatwa kwa vipande vinavyopanuka kwenda chini, na pembe moja ya chini imebeba dhahabu nyingi kuliko mahali pengine popote. Pembe hiyo lazima ibaki juu na mbele. Anayevalisha akianza na upande usio wake, pembe yenye mali huenda kujificha chini ya mpishano, na kinachoonekana ni mahameli matupu. Angalia bitana kabla ya kufunga: upande unaokwenda chini hauna taraza na mara nyingi bitana yake ni ya kitambaa duni, kwani fundi alijua hautaonekana. Funga kwa kamba zake, kisha ongeza pini kubwa mbili kiunoni. Uzito wa dhahabu huvuta sketi chini kila bibi harusi anapoinuka kitini.

Ketefu hukaa kifuani, na kizibao huja juu yake kikibana kingo zake. Vifungo vya fedha vya kizibao vingi ni pambo. Kinachoshika kweli ni kulabu na kamba. Kisha kemamu: zipitishe chini ya mikono mifupi ya kizibao, na ncha zake zifungwe pamoja mgongoni, zikiacha mabawa mawili meupe yanayoning'inia kutoka kiwiko. Zikifungwa kwa nguvu mno, bibi harusi hawezi kunyoosha mkono kupakwa hina, na hapo ndipo hariri huchanika. Mjaribu kwanza: ashike bega lake la upande wa pili. Akishindwa, legeza.

Hizamu hufunika pale sketi na kizibao vinapokutana, na huficha pini.

Kichwa ni mwisho, na ndicho chenye sheria. Mwali alikaa kichwa wazi. Mke wa Kiyahudi hufunika nywele zake. Wanawake wa mijini walilitatua kwa swalefu, nyuzi za hariri nyeusi zinazoanguka kama nywele kando ya uso, huku nywele zenyewe zimefichwa. Juu hukaa sfifa ya lulu, na festuli hufungwa chini yake ikashuka mgongoni. Tahadhari na neno sfifa: kwa mshona kaftani ni kanda ya kusuka ya ukingoni mwa nguo. Ukiagiza sfifa kwa simu bila maelezo utaletewa mita kadhaa za taraza.

Ndipo huongozwa kwa mishumaa hadi kwenye talamo, kiti kilichoinuliwa na kupambwa, na kinachobaki ni nyimbo na hina.

Siku ya 8, Jumatatu: Tetouan asubuhi, Tangier mchana

Shule ya sanaa na kazi za mikono ya Tetouan, Dar Sanaa, ilianzishwa mwaka 1919 na iko jirani na lango la Bab el-Okla. Siku za kazi unaweza kuona madarasa ya tarizi. Linganisha nyuma ya kazi za wanafunzi na ulichokiona Fez.

Tangier iko kama kilomita 60, saa moja kwa teksi ya kuchangia. Mchoraji Delacroix alihudhuria harusi ya Kiyahudi hapa Februari 1832, na picha yake kubwa ya harusi hiyo, iliyoonyeshwa Paris mwaka 1841, iko Louvre. Wengi huitafuta keswa ya bibi harusi ndani yake. Hayumo. Ni ua, wanamuziki, mchezaji na wageni. Mwenyewe yuko chumbani. Kwa anayetaka kuona nguo zilivyovaliwa, picha alizopiga Jean Besancenot miaka ya 1930 zinafaa zaidi, maana alizitazama kama fundi.

Kutoka hapa feri ya Tarifa huchukua kama saa moja, na kwa mlangobahari huu keswa nyingi zimeondoka na wenyewe. Ukipewa moja kuisafirisha, usiikunje. Utepe wa skali huvunjika kwenye kunjo na hauungiki. Tafuta bomba la kadibodi nene, livalishe pamba nyeupe iliyofuliwa bila dawa ya kulainisha, uviringishe zeltita juu yake uso wa dhahabu ukiwa nje. Fundi chipukizi hufanya kinyume, akidhani analinda dhahabu. Ukiwa ndani uso husongamana na kukunjamana. Ukiwa nje, mikunjo yote huangukia bitana. Kizibao na ketefu vilazwe bapa, mikono ya kizibao ikijazwa karatasi nyeupe laini. Usitumie mpira wa kufungia wala sufu karibu navyo, vinaifanya fedha iwe nyeusi. Kemamu ziende kwenye mfuko wao peke yao, juu kabisa.